Hesabu tangu siku ya mvua: mwongozo kamili wa kuwawahi viwavijeshi wanaoletwa na upepo

Mahindi yalikuwa yamefika kwenye kifundo cha mguu. Asubuhi hiyo jirani yangu aliniita kutoka ng'ambo ya mfereji, akainama, akageuza jani moja kwa kidole. Kwenye koo la jani palikuwa na vinyesi vidogo kama ugoro uliolowa, na chini yake kiwavi mweusi kama mkaa, mistari ya njano ubavuni, kichwani ana alama ya V iliyopinduliwa. Tukasogea hatua moja, wengine watano. Hatua ya pili, hatukuhesabu tena. "Hawa wamenyesha jana usiku," akasema, maana jana yake kweli ilinyesha. Siku nne baadaye shamba lake la ekari moja na nusu lilikuwa limebaki uti wa majani tu, umesimama kama njiti za kibiriti.

Kwamba walinyesha, alikuwa karibu sana na ukweli. Alikosea tarehe. Viwavi wale hawakuja na mvua ya jana. Walikuja zaidi ya wiki mbili kabla, wakiwa nondo, wamebebwa na upepo wa usiku na kushushwa na mvua ya ngurumo. Linaloniuma hadi leo ni kwamba mimi mvua ile nilikuwa nimeiandika kwenye daftari, milimita 23, na nakumbuka usiku ule nondo walivyojaa kwenye taa ya barazani. Nilikuwa na taarifa zote mbili mkononi na sikuziunganisha.

Mwongozo huu unahusu kosa hilo la tarehe. Anayeanza kuhesabu siku anapomwona kiwavi mkubwa amekwisha kuchelewa. Anayeanza kuhesabu siku ngurumo ilipopiga ana zaidi ya wiki nzima ya kukagua, kutafuta dawa na kuwaamsha wenzake.

Kwanza, tusichanganye wadudu

Kiswahili kimewapa wadudu wawili jina moja. Viwavijeshi ninaowazungumzia hapa ni wa asili ya Afrika, kitaalamu Spodoptera exempta, wale wanaotembea kwa makundi na kuhama shamba hadi shamba kama askari. Hula jamii ya nyasi: mahindi, mtama, uwele, mpunga, ngano, ulezi na malisho. Maharage, pamba au mihogo iliyo katikati ya shamba lililoliwa huwa imesimama salama, na hiyo ni dalili nzuri ya kumtambua.

Wale wengine ni viwavijeshi vamizi, waliothibitishwa barani Afrika mwaka 2016 wakitokea Amerika, na kufika Kenya na Tanzania mwaka 2017. Hao hukaa ndani ya koo la mhindi, hawaandamani, na uhusiano wao na mvua ni mwingine. Nitawarudia kwa ufupi, pamoja na nzige.

Hatua ya 1: Elewa njia anayopita nondo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu asiyeelewa hatua hii ataona zilizobaki kama ushirikina wa kuangalia mawingu.

Kiangazi viwavijeshi hawatoweki kabisa. Wanabaki wachache wachache, wakiwa na rangi ya kijani na kuishi mmoja mmoja, kwenye maeneo yanayopata manyunyu hata miezi mikavu, hasa ukanda wa pwani. Ukipita huwaoni. Mvua za vuli zinapokaribia, nondo wanaotokana na hao hupanda hewani na kuchukuliwa na pepo zinazotoka baharini kuelekea bara. Ndiyo sababu milipuko ya kwanza ya msimu mara nyingi husikika kwenye maeneo ya bara yasiyo mbali sana na pwani: Morogoro, Dodoma, Tanga na Kilimanjaro kwa Tanzania, Taita Taveta, Makueni na Kitui kwa Kenya.

Nondo akitoka ardhini hukausha mabawa na kujificha kwenye majani na miti. Giza likiingia huruka juu, mamia ya mita kutoka ardhini, na huko juu hana haja ya kupambana na upepo, anakwenda unakokwenda. Nondo waliotiwa alama nchini Kenya waliwahi kunaswa zaidi ya kilomita 100 kutoka walikotokea. Kwa hiyo nondo wa shamba lako hakuzaliwa kijijini kwako, na usafi wa shamba lako mwaka jana haukukingi naye.

Lakini nondo waliosambaa juu ya wilaya nzima si hatari. Hatari inaanza pale wanapokusanywa, na wanakusanywa na hewa yenyewe kwa namna mbili.

Ya kwanza ni makutano ya pepo. Nenda mahali mito miwili inapokutana utazame majani makavu na povu. Maji yanaendelea na safari, lakini vinavyoelea vinajikusanya kwenye mstari pale mikondo inapogongana. Angani ni vivyo hivyo. Kaskazi na pepo za kusini mashariki zinapokutana, kwenye kile ambacho watabiri wetu wanakiita ukandamvua, hewa hulazimika kupanda juu na kutengeneza mawingu. Nondo hawapandi nayo hadi huko kwenye baridi. Wanabaki chini, na wanaofuata nyuma wanaongezeka.

Ya pili ni wingu la ngurumo lenyewe. Unaujua ule upepo wa baridi unaofika dakika chache kabla ya mvua, wenye harufu ya vumbi lililolowa, unaofunga madirisha kwa kishindo? Hiyo ni hewa iliyoanguka kutoka ndani ya wingu na kutawanyika ardhini pande zote. Huwasukuma nondo mbele yake kama fagio linavyosukuma pumba, kisha mvua inawashusha. Ndiyo maana unaweza kukuta vitongoji viwili vimeliwa na cha tatu, kilomita chache pembeni, hakina hata kiwavi mmoja. Majirani wakigombana nani kaloga shamba la nani, waulize ngurumo ya wiki mbili zilizopita ilipiga wapi.

Mvua hiyo hiyo inamaliza kazi. Nondo hunywa maji, hukomaa, hupandana na kutaga kwa mafungu, hasa upande wa chini wa majani, mayai yakiwa yamefunikwa na manyoya meusi ya tumbo lake. Na yanapoanguliwa, nyasi changa zilizochipuka kwa mvua ile ile ziko tayari.

Hatua ya 2: Soma utabiri wa msimu kwa jicho la viwavi

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa mwelekeo wa mvua kabla ya kila msimu, na kituo cha hali ya hewa cha kanda, ICPAC, hutoa picha ya eneo zima la Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika. Wengi wetu tunasoma maneno mawili tu: juu ya wastani au chini ya wastani. Kwa viwavijeshi, sentensi muhimu ni ile inayozungumzia mtawanyiko wa mvua na vipindi vya ukavu.

Mwaka wa hatari una sura hii: msimu uliopita ulikuwa wa ukame, mvua za kwanza zinakuja kwa ngurumo za hapa na pale, na kati ya mvua na mvua kuna siku kadhaa za jua kali. Ngurumo chache zinawakusanya nondo sehemu chache. Jua linawakuza viwavi haraka. Nyasi zinazochipuka baada ya ukame zina lishe kubwa, na maadui wa viwavi, yaani nyigu wadogo, nzi na virusi, hawajapata nafasi ya kuongezeka. Mwaka 2022 masika yalipoanza baada ya ukame mrefu, viwavijeshi walishambulia maeneo mengi ya Kenya na Uganda.

Mvua ya kunyesha mfululizo, siku baada ya siku, mawingu hayaondoki, ni ulinzi. Viwavi wadogo husombwa na kufa, magonjwa yao huenea, na nondo hawakusanyiki kwa namna ile. Kwa hiyo ukisikia "mvua nyingi" usiogope moja kwa moja, na ukisikia "mvua chache" usilale. Nimeona watu wakifanya kinyume kila mwaka.

Ukipata utabiri huo, andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari mambo matatu: wiki ambayo mvua inatarajiwa kuanza kwenu, kama mtawanyiko unatajwa kuwa mbaya, na kama msimu uliopita ulikuwa mkavu. Ukiwa na majibu ya hatari kwenye mawili ya mwisho, hatua zinazofuata zifanye kwa ukali.

Hatua ya 3: Andaa vifaa vinne

Kipima mvua. Cha kununua ni kizuri, lakini chupa ya plastiki ya lita moja na nusu inatosha. Kata sehemu ya juu pale inapoanza kupungua upana, igeuze na kuiingiza kama mrija wa kumiminia. Chini weka kokoto, kisha mimina maji hadi pale ubavu wa chupa unapokuwa umenyooka, uchore mstari: hapo ndipo sifuri. Bandika rula kuanzia mstari huo. Isimike kwenye nguzo, mahali pa wazi, mbali na mti na paa. Soma kila siku saa 3 asubuhi, saa ambayo vituo vya kwetu husoma, ili namba yako ilingane na ya wengine. Milimita moja maana yake ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba. Ukimaliza kusoma rudisha maji kwenye sifuri, na siku za jua kali hakikisha hayajakauka chini ya mstari.

Mtego wa nondo. Ni ndoo yenye mfuniko na mrija, ndani yake kimetundikwa kivutio chenye harufu ya nondo jike. Hunasa madume tu, na hiyo inatosha, kwa sababu wanasafiri pamoja na majike. Mitego ya namna hii imekuwa ikitumika Afrika Mashariki kwa miongo mingi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijiji vichache vya wilaya ya Kilosa, Tanzania, vilikabidhiwa mtego, kipima mvua na mafunzo, wanakijiji wakaanza kutoa utabiri wao wenyewe badala ya kusubiri barua kutoka makao makuu. Mpango huo ulipelekwa baadaye nchi nyingine. Mtego mmoja unatosha kijiji kizima, kwa hiyo mwombeni afisa ugani kama kijiji, msihangaike mtu mmoja mmoja. Utundikeni mahali pa wazi, juu kidogo ya kimo cha mtu. Kivutio kina muda wake wa kuisha nguvu, umeandikwa kwenye pakiti. Kikipita, mtego mtupu utawadanganya.

Kitambaa cha upepo: utepe wa kanga chakavu juu ya mti mrefu usiokingwa na kitu. Na daftari lenye safu tano: tarehe, mvua, nondo, upepo ulitoka wapi kabla ya mvua, na uliyoyaona.

Kama mtego haujapatikana, usikate tamaa. Taa ya barazani ni shahidi mzuri. Haichagui nondo, kwa hiyo namba yenyewe haina maana kubwa, lakini badiliko lina maana: usiku wa jana walikuwa wanne, leo ukuta umejaa.

Hatua ya 4: Dakika kumi za kila asubuhi

Tangu wiki mbili kabla ya mvua kutarajiwa, toa nondo mtegoni, wahesabu, andika. Nondo wa kiwavijeshi ana rangi ya kahawia na kijivu, urefu wa kiungo kimoja cha kidole, mabawa ya nyuma meupe yenye mishipa inayoonekana wazi. Mtego utanasa na wengine. Ukiwa na shaka wahifadhi kwenye kibiriti umwonyeshe bwana shamba au bibi shamba.

Usitafute namba ya miujiza. Tafuta kuruka kwa namba. Wiki nzima ya sifuri, moja, sifuri, mbili, kisha asubuhi moja arobaini, hiyo ni habari. Habari hiyo ikija pamoja na mvua ya kulowesha ardhi, ndani ya siku chache kabla au baada, chora duara jekundu kwenye tarehe. Nondo wengi bila mvua mara nyingi ni wapita njia. Mvua bila nondo ni mvua tu, panda mahindi yako.

Usisahau safu ya upepo. Kwenye vijiji vingi vya bara ngurumo za mwanzo wa vuli hutokea upande wa mashariki, na kitambaa kitakuonyesha upepo ukigeuka ghafla mvua inapokaribia. Andika na upande ambao mvua ilionekana kunyesha hata kama haikukufikia. Vijiji vya upande huo vipigie simu.

Hatua ya 5: Hesabu tangu siku ya duara jekundu

Chukua mfano. Ngurumo imepiga usiku wa tarehe 3 Desemba, kipimo kimesoma milimita 18, na mtegoni nondo wamejaa.

Kuanzia tarehe 4 hadi 7 nondo wanataga. Mayai huanguliwa kati ya siku 2 na 5, kwa hiyo tarajia viwavi wachanga kati ya tarehe 6 na 12. Hao ni wadogo kama uzi, rangi ya kijani, wanakwangua jani upande mmoja na kuacha vidirisha vyeupe vinavyopitisha mwanga. Hapa hasara haijatokea. Kuanzia kama tarehe 14 wanageuka weusi na kuonekana kwa macho. Kati ya tarehe 18 na 26 wanakula karibu chakula chote cha maisha yao. Kiwavi katika siku zake za mwisho hula kuliko siku zote za nyuma zikijumlishwa. Kisha anatoweka. Watu husema "wameondoka", lakini wako chini ya miguu yao, sentimita 2 au 3 ardhini, wakijigeuza kuwa nondo. Wiki ya kwanza au ya pili ya Januari nondo wapya wanatoka.

Hesabu hii ni ya maeneo ya joto. Nyanda za juu zenye baridi ongeza wiki nzima, wakati mwingine zaidi, kwa sababu joto ndilo linaloendesha saa yao.

Siku zako za dhahabu kwa mfano huu ni tarehe 8 hadi 16 Desemba. Ziandike ukutani.

Hatua ya 6: Kagua mahali sahihi

Usianze na mahindi. Anza na nyasi: ukoka wa kando ya njia, malisho yaliyochipuka, mtaro wenye majani mabichi. Viwavi wengi huanza huko, kisha huingia shambani nyasi zikiisha. Keti kabisa chini. Fungua majani kwa mikono, angalia upande wa chini, tafuta vidirisha na nyuzi nyembamba kama za buibui ambazo viwavi wachanga hujininginizia upepo ukiwagusa. Shambani chagua sehemu tano, kila sehemu mimea kumi, pembeni na katikati. Rudia kila baada ya siku mbili.

Rangi ina lugha yake. Viwavi wa kijani, mmoja mmoja, ni dalili kwamba ni wachache. Wakibanana hugeuka weusi kama makaa, hupanda juu ya majani mchana kweupe na kujianika juani. Ukiwaona weusi wakiwa bado wadogo, wenye urefu wa sentimita moja hivi, kimbia kwa afisa ugani siku hiyo hiyo. Usisubiri mkutano wa kijiji wa Jumamosi.

Hatua ya 7: Amua, kisha tenda

Viwavi wakiwa chini ya sentimita moja na nusu na wengi, hapo dawa inafaa. Tumia kiuatilifu kilichosajiliwa kwa viwavijeshi na kushauriwa na mtaalamu wa kilimo wa eneo lako, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo. Vaa mikono mirefu, glavu, buti na kifunika mdomo. Hali ya hewa inaingia hapa tena: nyunyizia asubuhi mapema au jioni upepo ukiwa umetulia, na tazama mawingu, maana mvua ikipiga saa moja baadaye fedha yako imeingia mferejini. Utepe wa kanga ukiwa umenyooka kwa kupepea, subiri.

Viwavi wakiwa na sentimita tatu na wameanza kupungua shambani, weka dawa kabatini. Wanaingia ardhini wenyewe. Najua inauma kusimama bila kufanya kitu mbele ya shamba lililoliwa, lakini kunyunyizia hapo ni kulipa mara ya pili kwa hasara ile ile, na kuua nyigu na nzi ambao wangekusaidia.

Viwavi wakitembea kutoka kwa jirani kuja kwako, chimba mtaro mbele yao wenye kina cha sentimita 30 au zaidi, ukuta wa upande wako uwe wima. Wakitumbukia, wafukie au waponde. Ni kazi ya watu wengi na jembe, na kwenye ekari moja inawezekana.

Ukikuta viwavi wamekufa wakining'inia juu ya majani, wamelegea, wakiguswa wanapasuka na kutoa maji ya kahawia, wameshikwa na virusi wao wa asili. Virusi hao hawamdhuru mtu wala mfugo. Kama wengi wako hivyo, acha dawa.

Mambo mawili watu wanayakosea baada ya shambulio. Mahindi machanga yenye majani chini ya matano au sita bado yana kiini cha kukua chini ya usawa wa udongo. Yakiliwa majani yote, mara nyingi huchipua tena ardhi ikiwa na unyevu. Subiri siku saba kabla ya kung'oa na kupanda upya. Mbegu ni ghali. La pili ni mifugo: usiifungulie kwenye malisho ambayo viwavijeshi wametoka kuyala. Kuna ng'ombe waliowahi kufa kwa kufanyiwa hivyo. Ngoja nyasi zikue upya vizuri, na umuulize mtaalamu wa mifugo.

Wengine wanaoongozwa na anga

Vamizi ni rahisi kusoma. Mvua kubwa ya kishindo huwaosha wale wachanga na kuwazamisha kwenye koo la mhindi, kwa hiyo baada ya mvua hiyo kagua upya kabla ya kununua dawa, huenda kazi imeshafanyika. Ukavu wa wiki mbili tatu kwenye mahindi machanga ndio unaowapa nguvu. Mkubwa utamjua kwa Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yaliyokaa mraba karibu na mkia.

Nzige wa jangwani husafiri mchana. Asubuhi huota jua hadi miili ipate joto, kisha hupaa na kufuata upepo, na kundi linaweza kwenda hadi kilomita 150 kwa siku. Mlipuko uliotufikia ulianzia kwenye hali ya hewa ya mbali kabisa. Mwezi Mei 2018 kimbunga Mekunu, na Oktoba kimbunga Luban, vilimwaga mvua kwenye jangwa la Rub' al Khali, kusini mwa Bara Arabu, mahali ambapo hapana mtu wa kuona nzige wakizaliana. Wakavuka Yemen hadi Pembe ya Afrika. Mwishoni mwa 2019 upande wetu wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto lisilo la kawaida, mvua zikazidi, na Desemba kimbunga Pawan kikaipiga Somalia. Kabla mwaka haujaisha makundi yaliingia Kenya, mabaya kuliko yaliyoonekana huko kwa miaka 70. Mkulima mmoja hawezi kupambana na nzige. Kazi yako ni kuripoti haraka: mahali, saa, upande walikotoka na wanakoelekea, na kama wametua au wamepita. Rangi nayo iandike, kwa sababu nzige wa waridi ni wachanga wanaosafiri, na wa njano wamekomaa na wanatafuta udongo wenye unyevu wa kutagia.

Kwa walio jirani na Bonde la Rukwa, Katavi, Malagarasi na Wembere, mnao nzige wekundu ambao makazi yao ni mabonde hayo hayo yanayojaa maji na kukauka. Wao huzaa kizazi kimoja kwa mwaka, mvua zinapoanza, kwa hiyo taarifa ya Novemba na Desemba ndiyo yenye thamani.

Hatua ya 8: Wapigie simu walio upande upepo unakoelekea

Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, kwa sababu hasara ya kwako ikishatokea huna hamu ya kuzungumza.

Rudi kwenye mfano wetu. Viwavi wa Desemba wameingia ardhini. Nondo wao watatoka wiki ya kwanza au ya pili ya Januari, wengi kuliko waliokuja, na wataondoka na upepo wa usiku. Msimu mzima huwa hivi: kizazi baada ya kizazi, milipuko ya Tanzania hulisha ya Kenya, Kenya na Uganda hulisha Ethiopia, ukandamvua ukirudi kaskazini, na kuna miaka hufika hadi Yemen. Upande mwingine wa bara wanaelekea Malawi, Zambia na Zimbabwe. Mlipuko usioripotiwa Kongwa, katikati ya Tanzania, unaweza kuwa chanzo cha ule wa watu ambao hutawaona maishani.

Kwa hiyo siku viwavi wanapotoweka, fanya haya. Chimba sehemu tano kwa kijiko, kina cha vidole viwili, mraba wa hatua moja kila upande, uhesabu vijigunzi vya kahawia vinavyong'aa kama tende ndogo, yaani viwavi wanaojigeuza kuwa nondo. Andika. Mpe afisa ugani namba hiyo, jina la kijiji, ukubwa wa eneo na tarehe. Kisha ongeza siku kumi kwenye kalenda, weka alama, na mpigie mtu unayemfahamu kwenye vijiji vya upande ambao kitambaa chako kinaelekea jioni. Mwambie tarehe. Mwambie mvua ya ngurumo ikimpiga ndani ya wiki hiyo, aanze kuhesabu usiku huo huo.

Yule jirani yangu sasa ana chupa yake ya mvua nyuma ya jiko. Mwaka jana alinigongea saa 12 asubuhi, giza halijaisha vizuri, ameshika kibiriti chenye nondo sita. Ilikuwa imenyesha usiku. Tulichora duara pamoja, tukampigia shemeji yake aliyeko magharibi ya mto.